Jeep ya Kushukia

Kahindo,

Kabla hujaanza kupiga kelele pale uani: ndiyo, ni mimi niliyefunga karavani yako kwa kufuli, na ufunguo uko kwenye pindo la kitenge changu. Usimsumbue baba yako, yeye hajui kitu. Soma hii barua mpaka mwisho, kisha uje jikoni unigombeze ukitaka. Mimi sitoki, nina maharagwe motoni.

Ninakuandikia kwa sababu wiki nzima nimejaribu kusema nawe kwa mdomo na nimeshindwa. Nikikasirika Kiswahili changu kinakimbia, Kinande kinachukua nafasi, wewe unacheka, baba yako anacheka, na mazungumzo yanakufa hapo. Karatasi haicheki. Umekwenda parokiani kuwaaga wanakwaya wenzako, na ninavyowajua hamtaachana upesi, donc, basi, nina nafasi.

Sitakuambia habari ya kuchemsha maji, wala ya sweta, wala ya wanaume wa Beni. Hayo nimeyasema mpaka ulimi umechoka, na sweta najua utaisahau. Nataka tuongee jambo moja tu: jeep.

Kesho asubuhi dereva wa Hadji Ramazani, yule mfanyabiashara wa magari, atapanda kutoka Beni. Hadji ametuachia jeep mbili tuzipime, ile nyeupe na ile ya rangi ya udongo, na dereva atarudi na moja. Itakayobaki ndiyo itakayokokota karavani yako, kwanza kushuka Beni, halafu kurudi kupanda mpaka Lubero na vile vijiji vyote vya kule juu vyenye bibi na makatekista wasioona herufi. Na wewe umekwisha kuchagua nyeupe. Hukuniuliza mimi. Ulimwuliza baba yako, mtu ambaye sasa hivi yuko uani anaisugulia magurudumu kwa mswaki. Kwa mswaki, Kahindo! Na nafikiri ni wangu.

Sina ugomvi na kazi yako, tuelewane. Nilipoiona ile nyumba ya magurudumu ikiingia kutoka Kasindi, na mapazia yake na jiko lake dogo, nilisema mtoto wangu amepata kichaa. Wazungu wanakokota nyumba mlimani ili wakapumzike. Huyu wangu anaikokota ili akakate vioo vya miwani na kulala humo humo. Halafu ukampima macho Mama Odile, jirani yetu, ukamvalisha miwani, na akaona kwamba maharagwe anayotuuzia miaka yote yana mawe. Aliona haya mpaka akacheka. Siku ile nilikubali. Kazi ni nzuri. Jeep ndiyo mbaya.

Juzi ulinipakia katika ile nyeupe tukapanda mpaka Rughenda, karavani nyuma, tupu kabisa, hata sufuria haikuwemo. Ilipanda, sikatai. Wewe unapiga usukani kwa furaha: "Mama, umeona? Inakamata mulima bila kupumua!"

"Nimeona. Na kushuka?"

"Kushuka itajishusha yenyewe."

Yesu Maria! Itajishusha yenyewe. Hilo ndilo neno lililoninyima amani mpaka leo, na baba yako, aliyekaa kiti cha nyuma, alilisikia akaitikia kwa kichwa kwamba umesema kweli.

Hapa Butembo mtu akileta gari mpya, ukoo mzima unakuja kuitazama. Wajomba wanaizunguka, wanapiga tairi teke, wanafungua mbele, na swali ni moja: inapanda? Hata padri akija kuibariki, maji ananyunyizia mbele, kwa moteri. Sijaona mtu amebariki freni, hizi breki za kusimamishia. Na Beni iko chini, Kahindo! Tangu nizaliwe Beni iko chini, ndiyo maana kule kuna joto na huku tunalala na blanketi mbili. Gari inayopanda ikichoka inasimama, unaweka jiwe nyuma ya gurudumu, unangoja msaada. Inayoshuka ikichoka haisimami.

Unajua hekima hii niliipata wapi? Kwa gari yetu ya kwanza. Hukuwa umezaliwa, kaka yako Paluku tulimwacha kwa bibi yenu, Kambale alikuwa mgongoni. Baba yako ndiye aliyeichagua. Kwa sababu ya honi. Usimwulize, atakataa, mais, lakini mimi nilikuwepo. Muuzaji alipiga ile honi, ikaimba sauti tatu, na mwalimu mzima wa hesabu akasema, "Hii njo gari." Moteri hakuifungua. Nami nilikuwa nauza viazi na vitunguu Beni kila wiki, nilikuwa nimekaa juu ya malori ya watu mpaka kiuno kimeota sugu, nilikuwa najua gari ni nini. Nikanyamaza kwa sababu nami honi ilinipendeza. Haya, umejua.

Hesabu ya magunia yetu niliifanya vizuri. Gari ile ilikuwa na uwezo wa kubeba viazi vyangu na sisi watatu, na nafasi ikabaki. Kitu ambacho sikuhesabu ni komisyo, mizigo ya watu ya kuagizwa ufikishe.

Unacheka? Hakuna mtu wa kwetu anayehesabu komisyo, ndiyo maana tunaanguka wote shimo moja. Hatujatoka hata mtaani, mjomba wako seremala amesimama njiani na mlango. Mlango wa mbao nzito, na fremu yake, wa nyumba ya mwanawe kule Beni. "Gari si inakwenda tu? Ni mulango." Mbele kidogo, mdogo wangu, Tante Katungu, na jiwe la kusagia. Mbele tena, familia ya binamu yako, na mbuzi za mahari za kupeleka kwa mchumba, na mzee wa kuzisindikiza, na mzee ana mkoba, na mkoba una kilo kuliko mzee. Kila mmoja anasema neno lile lile: "Ni kidogo tu." Utakataaje? Ukimkatalia ndugu mlango wake, siku ya matanga yako atakaa mbali na atasema kwa nini. Tukapokea. Baba yako akawa anapiga honi kila tukisimama, ili watu wajue tuna gari, na kumbe ndiyo anawaita!

Tulipoanza kuteremka nikasikia harufu ya kuungua. Baba yako akavuta pua. "Kuna mutu anachoma mahindi."

Mahindi! Freni ndizo zilikuwa zinaungua. Kidogo akakanyaga, mguu ukaingia mpaka chini, bure. Nilimshika Kambale, mbuzi wanalia, mzee anamwita Bikira Maria kwa jina la marehemu mkewe, na baba yako, Mungu ambariki, alifanya jambo moja la akili siku ile: aliigonga gari kwenye ukuta wa udongo upande wa mlima. Ingekuwa upande mwingine, wewe usingekuwepo wa kunicheka. Tulitoka wazima. Mkono wangu ulivunjika, viazi vilijaa njia, na mbuzi za mahari zilitawanyika msituni. Binamu yako alichelewa kuoa kwa sababu yetu na mpaka leo hunisalimia kwa nusu mdomo.

Sasa sikiliza kilichoniuma kuliko mkono. Ndugu walikuja kunitazama nyumbani, mmoja mmoja. Wanakaa, wanasema pole, wanakunywa chai yangu. Halafu mjomba wako anakohoa: "Na mulango?" Tante Katungu, akiniita dada mkubwa kama kawaida: "Yaya, na jiwe langu lilifika?" Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga hawakukosea. Nilikuwa na bandeji mpaka bega na naulizwa jiwe.

Tangu siku ile mtu akiniuliza gari gani inafaa mlimani, simwulizi kwanza mzigo wake ni nini. Namwuliza, wewe unaweza kusema hapana? Kama huwezi, tafuta gari inayobeba mzigo wako pamoja na huo mdomo wako laini.

Na wewe, binti yangu, mdomo wako ni siagi. Kwa wengine. Hapana zako zote umeniwekea mimi.

Leo tangu asubuhi nimekaa hapa dirishani nikikutazama. Tante Katungu, yule yule wa jiwe, hajajifunza kitu, ameleta mbao za kitanda za mtoto wake anayekaa Beni. "Eeh tante, weka tu nyuma." Kaka yako Kambale kaleta gunia la viazi la wakwe zake. "Weka nyuma." Mama Odile, sufuria kubwa ya msiba na kuku wawili hai. Kuku, Kahindo, ndani ya chumba cha kupimia macho! "Weka nyuma, mama." Kwaya nayo ikatuma ngoma kwa kwaya ya kule chini. Nyuma, nyuma, kila kitu nyuma, juu ya ile mashine yako ya kukatia vioo ambayo nayo iko nyuma. Nilimpigia Hadji simu, nikamweleza. Akasema kwa ule upole wake, "Mama Paluku, karavani ya mukia muzito njo itaendesha jeep. Jeep hapana kuiendesha tena." Maana yake ni kwamba uzito ukikaa mkiani, pua ya karavani inainuka, inaipunguzia jeep mguu wa kukanyagia, na kwenye mteremko ule mkia unaanza kucheza huku na huku. Ukifika hapo hata freni nzuri haikusaidii.

Nikamwuliza, na jeep? Akasema yeye ni mfanyabiashara, zote mbili ni zake, hawezi kumsema vibaya mtoto wake mbele ya watu. Donc nimeingia chini mwenyewe. Ndiyo, mama yako amelala chini ya gari kwa kitenge cha kanisani, na Mama Odile ameniona kwa miwani yako mpya, habari imekwisha kufika sokoni.

Ile nyeupe haina shasi, ule uti wa mgongo wa chuma. Ni ganda tupu, imeumbwa kwa kupeleka watu wanono kazini katika mji wa lami. Chuma cha kukokotea kimefungwa kwenye bati la nyuma kwa bolti ambazo naweza kuzificha kiganjani. Vitesi, yaani gia, inajichagulia yenyewe, na kwenye mteremko inachagua kuteleza, inakuachia freni peke yake kazi yote. Freni peke yake najua mwisho wake, una harufu ya mahindi. Ile ya udongo ni mbaya, sitakudanganya. Viti vinanuka samaki wa chumvi wa Hadji, dirisha la nyuma linafungwa kwa kamba, na honi yake ni bata mwenye mafua. Baba yako aliijaribu akakaribia kulia. Lakini ina shasi mbili ndefu za chuma kama reli, chuma cha kukokotea kimeshika hapo, na ina ile vitesi ndogo ya pili, ya kijiti kifupi. Ukiiweka hiyo, moteri yenyewe inashika mzigo, inashuka ikinung'unika hatua kwa hatua, na mguu wako unapumzika. Ikiharibika, fundi yeyote kati ya hapa na Lubero anaijua kwa macho yaliyofumbwa. Ya kwako nyeupe, watapiga simu Kampala, na wewe umesimama njiani jioni inaingia. Kwa njia ile, na wale wenye bunduki wa porini, sina haja ya kukueleza jioni ni nini.

"Mama, ile ni ya wazee." Ulisema hivyo mbele ya Hadji. Niliona haya, na yeye ndiye mzee aliyekuwa akiiendesha. Unafikiri bibi wa kijijini anayekuja kupimwa macho ataangalia rangi ya jeep yako? Haoni, Kahindo! Ndiyo maana anakuja kwako!

Haya. Nimepumua, nimetia chumvi maharagwe, nimerudi.

Unataka kujua kwa nini nimefunga karavani. Ulipotoka tu kwenda parokiani, niliingia nikatoa kila kitu. Mbao, viazi, sufuria, ngoma, na kuku, mmoja amenidonoa. Vyote viko sebuleni, utavikuta, usijikwae. Halafu nimewaita wenyewe. Kambale alielewa. Mama Odile aliniambia pole. Tante Katungu alikuja mbio.

"Yaya, ni mbao tu!"

"Mbao zako hazina miguu na mwanangu si lori. Zibaki."

"Unanikatalia mimi?"

"Nakukatalia wewe."

Sijawahi kumwambia hivyo maishani mwangu. Mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu. Amechukua mbao moja begani akaenda nayo bila kuniaga, ili majirani wamwone amedhulumiwa. Arusi ijayo atanipa mgongo. Nimekubali. Lawama ibaki kwangu, wewe uende mwepesi.

Na niliporudi kufagia, nikafungua chini ya kitanda chako. Nawe hukujua kuna kitu pale. Kuna gunia. Viazi vya shamba letu, maharagwe, vitunguu, chupa ya asali, na chungu cha bibi yako. Nililiweka mimi mwenyewe juzi usiku ukiwa umelala, nikajiambia, ni kidogo tu. Nilikaa kwenye kitanda chako nikajisikia nikilisema lile neno. Nilicheka peke yangu, halafu nikalia kidogo, halafu nikalitoa gunia pia. Chungu kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani.

Ninaogopa, Kahindo. Niseme wazi, maana wewe unafikiri ninakasirika bure. Paluku na Kambale walipoondoka sikuogopa hivi, waliondoka na mfuko mgongoni, na mfuko hauwezi kukusukuma kutoka nyuma. Wewe unaondoka na nyumba nzima imekufuata mteremkoni, na ni wewe peke yako kwenye usukani. Siwezi kukaa pembeni kukanyaga sakafu kama nilivyokanyaga juzi.

Mais sitakuamuru. Una akili, umesoma, jeep ni kazi yako na si yangu. Kesho mapema, kabla ya dereva wa Hadji kufika, funga karavani kwa jeep unayoitaka. Nyeupe, sawa. Ya udongo, sawa. Tutashuka mteremko wa kwanza wa njia ya Beni, ule mrefu. Kupanda umekwisha kupima, kushuka na mzigo bado, na gari haipimwi tupu. Mzigo nitakuwa mimi. Nitakaa humo ndani, kwenye kitanda chako, mbele kidogo ya magurudumu kama Hadji alivyosema, na rozari yangu. Kilo zangu unazijua, usizitangaze kwaya.

Ukichagua nyeupe sitasema neno, naapa kwa mkono uliovunjika. Nitapanda, nitafunga mlango. Na usije kuniambia, "Mama, hapana, ni hatari." Siku ukisema hivyo utakuwa umekwisha kujua ni jeep gani.

Chini ya mteremko simama pale penye tambarare, unifungulie. Nitakupa ufunguo wako, nitachukua pikipiki nirudi nyumbani, baba yako atapiga honi anayoitaka. Usizime moteri kwa ajili ya kulia. Endelea.

Komisyo zote nimezishusha. Imebaki moja, haiendi mbali, mpaka chini ya mlima. Ni kidogo tu.

Mama yako